Kompyuta Iliyouliza Jina la Baba Mkwe

Kisanduku kilikuwa cheupe, chembamba, katikati ya skrini ya bluu. Ndani yake kijistari cheusi kilikuwa kikiwaka na kuzimika, kikisubiri. Juu yake paliandikwa kwa Kiingereza kwamba niandike jina la mtumiaji. Mtumiaji alikuwa mmoja tu, na jina lake lilikuwa jina la baba mzazi wa mume wangu. Mimi ni mwanamke niliyeolewa katika nyumba ya Kinyakyusa inayoshika mwiko wake mpaka leo. Jina hilo sikutakiwa kulitamka hadi naingia kaburini. Na siku ile nilikuwa na mimba ya miezi mitano na nusu, ya pili, baada ya ile ya kwanza kutoka.

Niwaeleze wasiotoka kwetu. Kutila, ndivyo tunavyosema: mke wa mtoto humkwepa baba mkwe. Hamtazami usoni, haingii chumba alimo, na akimwona anakuja njiani huiacha njia na kugeukia migomba mpaka apite. Jina lake halitaji, na kitu chenye jina linalokaribiana nalo hukitafutia jina jingine. Yeye naye humkwepa. Baba mkwe wangu alipokuwa akikaribia nyumba yetu alianza kukohoa tangu kwenye mfereji, kikohozi kikavu cha makusudi, ili nipate muda wa kutokea mlango wa nyuma. Katika miaka mitatu ya ndoa nilikuwa nimeona visigino vyake, mgongo wa koti lake, na mara moja, kwenye maji ya mafuriko, kivuli cha kofia yake kikitikisika. Familia nyingi za mjini Kyela zilikwisha kulegeza. Yetu haikulegeza. Mume wangu alifanya kazi melini, akishuka bandari ya Itungi siku mbili tatu kisha anaondoka tena. Akiwa mbali aliyacheka mambo haya, akirudi nyumbani anayashika kama baba yake.

Mimba ya kwanza ilitoka kwa sababu ya karatasi. Ndivyo walivyosema. Nilikuwa msoma matangazo kanisani kwetu, na Jumapili moja nilipewa orodha ya watu waliojitolea tofali za nyumba ya mchungaji. Nilisoma haraka, macho yakiitangulia akili, na jina lake lilikuwa la saba au la nane. Nililisoma kwa sauti, kwenye kipaza sauti. Kanisa zima likanyamaza. Sikuelewa ukimya ule ni wa nini hadi nilipomwona mama mkwe amejifunika uso kwa kanga. Siku ya tisa nikaanza kutokwa damu. Daktari alisema ni malaria, na kipimo kilionyesha malaria, nami nilikiamini kipimo. Niliamini na lile jina vilevile. Sikuona kwa nini mwili mmoja usiweze kupigwa na vitu viwili.

Kwa hiyo nilipoketi mbele ya kile kisanduku, mikono yangu ilikuwa mapajani, na nilikuwa nimeikunja.

Miaka hiyo soko huria lilikwisha kuzoeleka kwetu. Ushirika wa zamani ulikuwa umekufa, maghala yake yakiota majani mapaani, na wanunuzi wa kakao walikuja na malori yao, kila mmoja na mizani yake. Wakulima wakaanza kuunda vikundi vyao wenyewe. Baba mkwe alikuwa mwenyekiti wa kimojawapo. Ni yeye aliyekubali niajiriwe kuchapa, kwa kuwa nilikuwa na cheti cha taipu. Alimwambia mume wangu, mume wangu akaniambia mimi, na masharti yakaja kwa njia hiyohiyo. Mwenyekiti atakuja ofisini Alhamisi tu. Siku hiyo mimi nitakaa chumba cha nyuma, chenye mlango unaofunguka kwenye majamvi ya kuanikia kakao. Kompyuta ilikuwa chumba cha mbele.

Tulipewa na wafadhili, imekwisha kutumika kwao, na kioo chake kilikuwa na kovu pembeni. Fundi aliyetoka Mbeya kuifunga aliweka mfumo wa Linux kwa sababu, alisema, haina leseni ya kununua na haihofii virusi vya disketi za mjini. Mashine ilipomtaka ataje mtumiaji, yeye akawauliza waliokuwepo mkubwa wa hapa ni nani. Wakamtajia mwenyekiti. Akaliandika jina lilelile. Ilikuwa heshima, na nasikia watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa bado sijaajiriwa.

Wiki tatu za mwanzo niliokolewa na katibu wa kikundi. Alikuwa mtu wa Tanga, bwana shamba wa zamani aliyepunguzwa kazini serikali ilipobana matumizi, na mambo ya kwetu hakuyajua sana. Asubuhi nilimwachia kiti, nikasimama kando nikitazama sakafu, yeye anaandika jina, anaandika neno la siri, kisha ananipisha. Alidhani naiogopa mashine. Aliniambia haing'ati. Nilimwacha adhani hivyo, kwa kuwa maelezo ya kweli yangenilazimu nianze na kanisani.

Kisha akaitwa semina Mbeya, siku kumi. Jumatatu asubuhi aliiwasha kompyuta, akaniandikia neno la siri kwenye karatasi, akanitaka nisiizime mpaka arudi. Alikwisha kufika mlangoni na begi begani alipogeuka.

"Ikikuuliza jina, ni la mwenyekiti. Andika hivyohivyo, bila madoido," akasema, kisha akalitaja.

Nilimwambia safari njema.

Ilikuwa masika. Kyela masika mvua haiombi ruhusa. Maji yanatoka mbinguni na mengine yanashuka kutoka milima ya Livingstone, na katikati yao umeme unakatika, unarudi, unakatika tena. Jumatatu ulinivumilia. Jumanne saa nne radi ilipiga upande wa ziwa, taa ikazimika, kompyuta ikanyamaza kwa mlio kama mtu aliyemeza mate. Umeme uliporudi, kisanduku kilikuwa pale.

Nilikuwa nimebakiza kurasa chache za orodha ya wanachama. Alhamisi wanunuzi wa kakao wangekuja pamoja na mwenyekiti, naye alikuwa amewaahidi orodha nzima, imechapwa. Orodha ilikuwa ndani ya mashine. Lakini niseme kweli: siku ile orodha haikunisumbua hata nusu ya mimba ilivyonisumbua. Nilihesabu. Katibu atarudi baada ya siku nane, na umeme ulikuwa ukikatika mara tatu kwa siku. Kila utakaporudi, lile swali litakuja tena, na mimi nitakuwa peke yangu nalo, mwanamke mwenye tumbo na vidole kumi.

Jioni hiyo nilimzungukia mama mkwe. Tulikuwa tunachambua mchele. Nikamuuliza, kama mtu anayewaza tu, iwapo mke wa mtoto akichora jina la mkwewe kwenye vumbi bila kufungua mdomo, hilo nalo ni kosa. Alisimamisha ungo.

"Jina ni jina," akasema, "hata likichorwa na kuku."

Alinitazama kwa muda, kisha macho yake yakashuka tumboni kwangu. Usiku ule nililala ubavu mmoja, nikiogopa hata kugeuka.

Fundi alikuwa ametuachia karatasi, thelathini hivi, zimebanwa kwa pini. Jumatano nilifika ofisini mapema nikazipitia nikiwa na kamusi. Karibu na mwisho palikuwa na kifungu kifupi juu ya namna ya kuifanya mashine ijifungue yenyewe inapowashwa, isimuulize mtu chochote, iingie moja kwa moja kwa mtumiaji aliyechaguliwa. Nilikisoma mara tatu. Nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyuma katika nyumba inayoungua. Ingia kwenye skrini nyeusi ya maandishi matupu kwa akaunti ya msimamizi, ile ya fundi, ambayo neno lake la siri alikuwa ameliandika pembeni kwa kalamu. Fungua faili fulani. Mstari mmoja unaosema hapana, ugeuze useme ndiyo. Mstari wa pili, baada ya alama ya sawasawa, andika jina la mtumiaji.

Hapo nikaziweka chini karatasi.

Ili mashine isiniulize tena lile jina, ilinipasa niliandike mara moja kwa mkono wangu, na litakaa humo ndani siku zote, likisomwa kila mashine inapoamka. Niliona kanisa likinyamaza.

Nilihitaji mkono wa mtu mwingine. Wanawake wa majamvi walikuwa nyuma, wakigeuza kakao kati ya mvua na mvua, lakini kumwomba mmoja wao kungekuwa sawa na kulitangaza jambo sokoni. Kufikia mchana ingekuwa inasemwa kwamba mkwe wa mwenyekiti anachezea jina lake kwenye mashine. Nikaenda duka la jirani. Mwenye duka alikuwa Mwislamu mtu mzima, babu yake alitoka Bagamoyo na msafara wa biashara, na Kiswahili chake kilikuwa bado na chumvi ya pwani ingawa yeye alizaliwa hapahapa. Aliuza vitenge, sabuni na betri. Nilimkuta anafunga mzigo. Alikuwa anasafiri kwenda Tukuyu kwenye harusi, gari linaondoka saa tano, duka litafungwa hadi Ijumaa.

Nilimwamkia, kisha nikamweleza yote, nimesimama, kwa sauti ndogo. Sikuwa nimepanga kumweleza yote. Hakucheka. Aliuliza mimba ina miezi mingapi, akatikisa kichwa, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Haya twende, mwanangu. Lakini mimi mashine hizi nazijua kama ninavyoijua ndege. Naiona inapita tu."

Nilifungua skrini nyeusi, nikaingia kwa msimamizi, nikalifungua faili. Mstari wa kwanza niliugeuza mwenyewe. Nikamwonyesha alama ya sawasawa kwenye mstari wa pili, nikampisha kiti, nikageuka kuelekea ukutani. Palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, yenye picha ya trekta. Nilisoma namba za Machi huku nyuma yangu kidole kimoja kikibonyeza, kikipumzika, kikitafuta, kikibonyeza. Alikuwa akinong'ona herufi alizozitafuta. Nikaziba masikio.

Alinigusa bega. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, ameukinga mstari ule kwa mwili wake kama mtu anayemkinga mwanamke anayeoga.

"Tayari. Nimemwandika vizuri," akasema.

Nilinyoosha mkono pembeni yake nikabonyeza vitufe vya kuhifadhi. Nje honi ya gari la Tukuyu ilipigwa mara mbili. Alichukua mzigo wake akaondoka mbiombio, akiniombea heri hadi barazani. Nikaizima mashine nikaiwasha upya. Nilisikia mashine ikijikusanya ndani. Maandishi yakapita. Skrini ikawa bluu.

Kisanduku.

Kijistari kiliwaka na kuzimika. Ndani ya tumbo kitu kikakaza upande wa chini, polepole, kama ngumi inayofungwa. Nikasubiri kiachie. Kikaachia. Nikajiambia ni njaa.

Barabarani vumbi lote lilikuwa tope, na gari la Tukuyu halikuonekana tena. Saa sita kasoro. Nilikaa na karatasi za fundi, nikafuata kila hatua kwa kidole, na kila hatua nilikuwa nimeifanya. Kosa lilikuwa mahali pamoja tu nisipopatazama. Ilinibidi nilifungue lile faili na niusome mstari ule.

Niliwaza sana kuhusu kusoma. Kusoma kimya si kutamka. Macho yangu yalikuwa yakiliona jina hilo kwenye mihuri, kwenye barua, na mimba haikuwa imedhurika. Nikajipa ruhusa ya macho. Nililifungua faili huku kiganja kimenikinga uso, nikitazama kwa kati ya vidole, nikashuka mstari hadi mstari, na nilipofika nikaona.

Alikuwa ameandika "mzee", akaacha nafasi, halafu jina.

Mtu yule wa adabu za pwani hakuweza kumwandika mwenyekiti kavu. Katika maisha yake yote sijui kama aliwahi kumtaja mtu mzima bila kumwekea kitu mbele, mzee, bwana, mama, maalimu. Alikuwa amemwandika vizuri, kama alivyosema. Na mashine ilikuwa imetafuta kote ndani yake mtu anayeitwa hivyo, ikamkosa, ikarudi kuniuliza mimi.

Ningeweza kucheka, na nimecheka baadaye. Mchana ule sikuona kichekesho. Nilichoona ni kwamba ilinipasa kumvua baba mkwe wangu uzee wake, kwa kidole changu, herufi moja moja.

Kulikuwa na jambo la pili. Sikuthubutu kukipeleka kijistari karibu na jina. Nilikiweka mbali, mara tu baada ya alama ya sawasawa, na kutoka hapo njia ilikuwa moja: kitufe cha kufuta mbele, kinachokula kuelekea kulia. Herufi nne na nafasi. Mara tano. Kitufe chenyewe kilikuwa kibovu. Vumbi la kakao lilikuwa limeingia chini yake, kikawa kinakwama siku nyingine. Kikikwama pale, kingekula jina.

Nilikifuta kwa kanga. Nikakipuliza. Nikashika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto.

Moja. Mbili. Tatu. Nilipumzika kati ya kila moja kama mtu anayevuka daraja la mti juu ya mto Kiwira uliofurika. Nne. Uzee ukawa umekwisha, imebaki nafasi tupu. Tano.

Kitufe kilishuka, hakikupanda. Nilikichomoa kwa ukucha, na nilipotazama, nafasi ilikuwa imekwenda na herufi ya kwanza ya jina ilikuwa imekwenda nayo.

Sikumbuki nilikaa muda gani. Nakumbuka mvua ilianza tena na wanawake wa majamvi walipita mbio dirishani na mabeseni vichwani, wakitaniana kwa Kinyakyusa, na mmoja akanichungulia akanisalimia, nami nikaitikia ndaga, kwa sauti iliyotoka sawa kabisa. Jina la baba mkwe lilikuwa mbele yangu limekatwa kichwa, na mimi ndiye niliyelikata.

Herufi moja, nilijiambia. Herufi moja si jina. Ni sauti tu. Iko katika neno la chumvi na la maji na la mwana, au haiko. Sitasema ni ipi. Nimeibonyeza mara maelfu katika orodha hii. Lakini nilijua kwamba nikiibonyeza pale, mahali pale, itakuwa mwanzo wa jina lake, na aliyeliandika nitakuwa mimi.

Niliibonyeza.

Nilihifadhi haraka, nikazima, nikawasha. Maandishi yakapita. Bluu ikaja, na kabla sijaziba macho bluu ikaondoka, kukawa na meza ya kazi, picha ndogo za mafaili zimejipanga upande wa kushoto, orodha yangu mahali pake. Haikuniuliza kitu. Niliitazama kama anavyotazamwa mbwa mkali aliyepita bila kubweka. Nikamaliza kurasa zilizobaki, nikachapa, nikaweka mawe mawili juu ya karatasi zisipeperuke. Na muda wote huo ile ngumi chini ya tumbo ilikuwa ikifunga na kufungua.

Miezi kadhaa baadaye yule fundi alipopita nilimsimulia kipande cha mkasa huu, akashika kiuno akacheka. Alisema angeweza kunifungulia mtumiaji wangu mwenyewe, jina langu, neno langu la siri, na kuyahamishia huko mafaili yote wakati chai inapoa. Alisema pia kwamba kitufe kilipokula herufi ningetoka bila kuhifadhi nikaanza upya. Katibu yeye hakufurahi. Aliona mashine isiyouliza chochote ni kama ofisi isiyo na kufuli. Wote wawili walikuwa na haki. Mchana wa siku ile sikuwa na mmoja wao.

Nilipanda baiskeli ya abiria kwenda nyumbani, njia ya Itungi. Nilimwomba mwendeshaji aende taratibu, lakini njia ilikuwa mashimo matupu yaliyojaa maji, na kila shimo nililisikia hadi kiunoni. Nilipofika nikaenda chooni. Kulikuwa na damu. Kidogo, doa la ukubwa wa jani la chai, jekundu.

Nilimwita mama mkwe. Alikuja anafuta mikono, akaona uso wangu, akanilaza kitandani akaniwekea mto miguuni. Mikono yake ilikuwa na haraka. Kisha akachuchumaa karibu na sikio langu.

"Umemtaja?"

"Sijamtaja, mama. Nimemwondolea uzee. Halafu nimeandika herufi moja."

Hakuelewa. Nikamweleza, nikilia, mambo ya kisanduku, ya mwenye duka, ya kitufe. Aliuliza maswali machache, ya mtu anayetaka kujua kidonda kimeingia wapi. Aliuliza ni herufi ipi. Nikamwambia siwezi kuisema. Akasimama akatoka.

Alikuwa nje muda mfupi tu niliposikia kikohozi, kule kwenye mfereji. Mwili wangu ukataka kuinuka, kwa mazoea, ukimbilie mlango wa nyuma. Nilishindwa. Kikohozi kikaja hadi uani, kikasimama. Nikasikia mama mkwe akieleza, sauti chini, na matone yakidondoka kutoka mapaani. Nilivuta kanga nikajifunika uso mzima. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa tofali na dirisha la mbao lililofungwa, na nilijua amesimama mkono mmoja kutoka pale nilipolaza kichwa.

Alimjibu mkewe kwa Kinyakyusa, lakini alimjibu kwa sauti ya kupita ukuta.

"Mimi niliacha mundu njiani, mtoto akajikata. Utamgombeza aliyejikata? Jina nililitoa mimi, kwa fundi, watu wakanipigia makofi. Sikukumbuka nani atakaa kwenye kile kiti." Akakohoa, safari hii kikohozi cha kweli. "Kosa ni langu. Kama kuna wa kuulizwa kwa hili, niulizwe mimi. Mpeleke hospitali sasa hivi, msingoje."

Visigino vyake viliondoka kwenye tope, hatua za haraka kuliko kawaida yake.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni tulipofika. Tulikwenda kwa baiskeli mbili, mama mkwe mbele, mimi nyuma, na safari hii mwendeshaji wangu alishuka akaikokota kila penye shimo, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amemwagiza kwa mdomo wake. Wodi ya wazazi ilinukia dettol na nguo mbichi. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene, mtu wa mkoa mwingine, mwenye sauti ya kuamrisha. Aliniambia nilale chali, akaitafuta mimba kwa viganja vyake vya baridi, huku akimuuliza mama mkwe nimebeba nini kizito. Mama mkwe alisema sijabeba kitu.

Muuguzi akachukua kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakisimamisha tumboni, akainama akaweka sikio. Alihama. Akaweka tena, chini zaidi. Uso wake ulikuwa umegeukia upande wangu, macho ameyafumba, na mimi nilitazama kope zake kwa sababu hakukuwa na kitu kingine duniani cha kutazama. Akahama mara ya tatu. Mama mkwe alikuwa ameshika kisigino changu, sijui kama alijua amekishika.

Kidole cha muuguzi kikaanza kugonga ukingo wa kitanda. Mapigo madogo, ya haraka, yanayofuatana, kama mtu anayebisha mlango na hana nia ya kuondoka.

"Yupo," akasema. "Anakimbia huyu."

Akainuka, akataka kukirudisha kipembe mezani. Nilimshika mkono.

"Sikiliza tena," nikamwambia.